Batasi Alikataa Ujane

Wanawake wa kidobi wakifika jiweni huzifunga bangili zao kwa kitambaa, ili kioo kisipasuke wakati wa kupiga nguo. Wifi yangu Batasi naye alikuwa akizifunga. Lakini tangu mwezi ule Singapore ilipoanguka mikononi mwa Wajapani, akaacha. Akawa anapiga shuka za watu mikono wazi, bangili kumi na mbili, nyekundu na kijani, zinalia toka alfajiri mpaka jua la utosini, na kila aliyekuwa ukingoni mwa mto Jamuna alijua kwamba hajazivunja. Ndivyo alivyotaka. Waliokuwa wakimsengenya, alitaka wasengenye kwa taabu.

Sisimulii mambo ya kusikia. Mimi ni Nathiya, dada wa mumewe, na nyumba yetu ilikuwa moja, chungu kimoja, punda wawili. Mume wangu alikufa kwa ndui nikiwa sijatimiza miaka ishirini, dada zake wakanivunjia bangili kizingitini kwa mchi, wakanifuta sinduri, ile rangi nyekundu tunayompaka mke kwenye mstari wa nywele, kisha wakanirudisha kwa kaka yangu na sari moja nyeupe. Kwa hiyo ujane naujua, na hakuna wa kunifundisha.

Kaka yangu naye ana hadithi yake. Mama yetu alizika wavulana watatu mfululizo. Wa nne alipozaliwa, mkunga akamlaza kwenye ungo akamburuta mlangoni kama taka za kufagia, na jina akapewa Ghasita, yaani Aliyeburutwa, ili mauti yakipita yaone takataka yaende zao. Yakaenda. Ghasita akakua, akawa dobi hodari wa kola na shati za wanga, na Waingereza walipoanza kuandikisha watu kwa vita yao, wakamchukua. Kila kikosi kina madobi wake, maana hata mtu wa kwenda kufa hupenda kola safi. Akapelekwa Malaya. Barua mbili zikaja, zimeandikwa na mwenzake anayejua kuandika. Halafu Singapore ikaanguka, na maelfu ya vijana wetu wakawa kama jiwe lililotupwa kisimani.

Sioni haya kusema kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia Batasi avunje bangili. Watu walikuwa wanasema. Mke wa Tikaram, mkuu wetu wa madobi, alisema mwanamke anayejipamba huku mumewe analiwa na samaki ataleta mkosi mto mzima. Nikamwambia wifi, tumwombolezee kaka yangu kwa heshima, yaishe. Batasi hakuinua hata kichwa. Alikuwa anakamua chandarua.

"Niletee maiti, wifi," akasema. "Nami nitaleta mchi."

Nikasonya, nikaenda kuanika.

Mwisho wa Machi mjumbe wa serikali ya Waingereza akaja kwa ndege kutoka London, kupatana na wakubwa wetu habari za kujitawala. Delhi ikafurika. Wakaja wakubwa wa Kongresi, kile chama cha kudai uhuru, wakaja wa Ligi ya Waislamu, wakaja Masingasinga na mawaziri wa wafalme wadogo wadogo, kila mtu na wafuasi wake, na kila mfuasi na nguo zake chafu. Redio zilikuwa zinasema mambo ya nchi. Sisi tulikuwa tunayafua. Batasi alipata nyumba moja ya wageni Daryaganj walikofikia watu wa Kongresi, khadi tupu, pamba ya kusokota kwa mkono, ikilowa maji inakuvunja mgongo. Tikaram akapata mashati ya makarani weupe waliokuja na mjumbe, basi akawa hashikiki. Aliyaanika juu kabisa ya ukingo na akakataza mtu kuanika karibu, kana kwamba langoti zetu za kiunoni zitayatia siasa.

Dobi hahitaji gazeti. Kofia ya mtu aliyetoka mkutanoni amekasirika huja imekunjwakunjwa. Shati lenye wino mpaka kwenye kiwiko ni la mtu anayeandika na kufuta. Wiki ya kwanza wino ulikuwa mwingi sana, na Batasi aliutoa kwa ndimu, huku akiniambia kwamba hawa watu ama wanakubaliana, ama wanadanganyana kwa maandishi.

Mtu wetu wa karibu katika mambo hayo alikuwa Munshi Kunjbihari wa mtaa wa Chelpuri. Nyumba yake ilikuwa nyumba yetu ya kufulia, yaani nguo zao zote tulifua sisi, tangu enzi za baba yetu, na kwetu nyumba ya kufulia hurithiwa, na anayemwibia mwenzake nyumba hutengwa: hapewi huka ya kuvuta tumbaku na wenzake, hapewi maji, binti yake haolewi. Munshi alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali inayoshughulikia makaratasi ya askari, na wiki hizo aliazimwa kunakili karatasi za mazungumzo. Ungemwona anavyotembea! Kifua mbele, utadhani nchi ameishika yeye kwenye mkoba.

Sasa, kabla mjumbe hajaja, Batasi alikuwa amemwomba Munshi atafute habari za mumewe. Siku hiyo alikwenda peke yake, na hapo ndipo lilipofanyika kosa. Munshi alichukua kalamu akauliza jina la mume. Batasi akavuta ushungi usoni, kimya. Mke kwetu halitaji jina la mumewe. Kulitaja ni kumpunguzia siku. Mwenye mtoto husema baba fulani, akamaliza, lakini Batasi hakuwa na mtoto. Akazungukazunguka: yule anayekuja na punda mweupe, yule aliyefanyiwa ile ya ungo. Munshi akacheka. Angeweza kusema jina mwenyewe, kaka yangu alimfulia miaka kumi na mitano. Lakini hakulijua. Kwake yeye aliitwa dobi. Basi akanakili namba ya kikosi kutoka kwenye bahasha ya barua, akaandika: dobi, mume wa Batasi. Ikaenda hivyo.

Jibu likaja mjumbe akiwa katika wiki yake ya pili. Munshi akatuita uani kwake, safari hii tukaenda wawili. Akasoma kwa sauti ya kusoma, kwamba dobi wa kikosi kile anadhaniwa aliuawa kwa mabomu bandarini. Kisha akaweka karatasi ya pili juu ya kigoda, na kikopo cha wino kando yake. Ilikuwa karatasi ya mjane. Batasi aweke kidole gumba, faili lifungwe, serikali itamtupia kifuta machozi.

Nilikwisha kuanza kulia. Batasi akauliza, kwa upole kabisa, ni dobi yupi.

Munshi akasema imeandikwa dobi.

"Kikosi kile kilikuwa na madobi wanne, Munshiji. Walipiga picha, ninayo."

"Mume wako ni dobi, aliyekufa ni dobi. Sasa unataka nini?"

Batasi akaiweka mikono yake nyuma, akaifumbata. Nami machozi yakanikauka kwa hasira, nikamwambia Munshi anaitwa Ghasita, aandike jina, aulize upya. Akanijibu kwamba orodha zote zina makosa, wote wanajua, na zote zitasahihishwa baada ya vita. Batasi akamuuliza jambo ambalo sikulitegemea. Akamuuliza huyo mjumbe, kwani, amewaletea nini wakubwa.

Munshi akasahau kabisa kwamba alikuwa amekasirika. Akatueleza kama anayetugawia peremende. Serikali imekubali: India itajiandikia katiba yake yenyewe, itakuwa na baraza lake, na jimbo lisilotaka litajitoa. Haya yote yatafanyika baada ya vita. Kwa sasa majeshi na ulinzi vitabaki mikononi mwa Waingereza, maana wao ndio wajuzi.

"Wajuzi wa Singapore," nikasema.

Batasi hakucheka. Alikuwa anahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo nchi ni baada ya vita," akasema. "Mume wangu ni baada ya vita. Ujane peke yake ndio wa leo."

Munshi akaona anadhihakiwa, akapandisha hasira. Akamwambia aichukue ile karatasi, akalale nayo, na akirejewa na akili airudishe ina kidole, kabla ya sikukuu ya Akha Teej, maana siku hiyo ana harusi ya binti yake na hataki mambo ya matanga nyumbani kwake. Batasi akaikunja karatasi akaipachika kiunoni.

Tulitembea mpaka langoni mwa mji. Nilikuwa nakumbuka mchi. Nilikuwa nakumbuka kwamba siku ile nilinyoosha mikono yangu mwenyewe, hakuna aliyenishika, kwa sababu nilidhani mtu mwema ndivyo anavyofanya. Nikamwambia Batasi asinisikilize tena nikimwambia habari za heshima. Akasema kwani alipata kunisikiliza lini. Tukacheka, tukalia, mahali pale pale, na punda wa watu wakatuzunguka wakapita.

Mazungumzo ya wakubwa tuliyajua yamevunjika kabla redio haijajua. Ilikuwa asubuhi, nguo bado zina povu. Akaja kijana wa kutoka Daryaganj anakimbia: wageni wanataka nguo zao. Tukamwambia hazijakauka. Akasema wamesema ziletwe hivyo hivyo, mbichi, treni haisubiri. Hajakaa sawa, akaja tarishi wa makarani weupe, naye vilevile, mashati ya Tikaram yote, yawe yamekauka yawe hayajakauka. Mto mzima ukaacha kupiga nguo. Watu wanaopatana hawaombi nguo mbichi.

Tulimkuta mzee mmoja wa Kongresi, Vaidyanath, anafunga khadi iliyolowa ndani ya gazeti, maji yanamtiririka miguuni. Alikuwa mtu mpole, alishatoka jela mara tatu. Batasi akamuuliza kulikoni. Akasema waliombwa wasimamie nyumba ambayo ufunguo wake uko mfukoni mwa mwingine, na wezi wapo mlangoni. Waliomba majeshi yawe chini ya Wahindi sasa, wakaambiwa ngoja. Ndipo wakasema hapana.

Batasi akauliza, mkisema hapana, wanaweza kuwafanya nini.

"Kutufunga," mzee akasema, anafunga kamba. "Tumezoea."

Batasi akambebea furushi mpaka kwenye gari la farasi. Aliporudi alikuwa anatembea kwa namna nyingine. Akaniambia wifi, kumbe hapana nayo ni kazi kama kazi nyingine, ni kuizoea tu.

Sasa niwaambie kuhusu suhagi, maana bila hiyo hamtaelewa Munshi alijifungia mlango gani. Kwetu bibi harusi wa nyumba kubwa haolewi mpaka dobi wake wa kike ampe suhagi, ile heri ya kuwa na mume. Dobi anachukua sinduri kwenye mstari wa nywele zake mwenyewe, anamgusisha binti kwenye wake. Mwaka mzima hatuingii jikoni mwao, chombo chao hatukigusi, lakini siku hiyo wanainamisha kichwa mbele yetu. Na lazima awe dobi wa nyumba ile, na lazima awe na mume hai. Mjane akigusa kichwa cha bibi harusi, bora ampake majivu.

Siku tano kabla ya Akha Teej, mke wa kinyozi, mpeleka mialiko ya harusi, akaleta mwaliko kutoka kwa Bibi Rajrani, mke wa Munshi: kokwa ya popoo na mchele uliopakwa manjano. Masikini Rajrani hakujua lolote la karatasi, mumewe hakuona haja ya kumwambia. Batasi akaupokea mwaliko kwa mikono miwili, akaubusu, akaurudisha. Akasema, mwulize Munshiji, mjane anatoa suhagi tangu lini?

Lo, Chelpuri hapakulalika. Rajrani alimgeuzia Munshi kibao. Watu wakatumwa kwa madobi wengine, kwanza kwa mke wa Tikaram, na yule mama, pamoja na mdomo wake wote, akakataa. Si kwa mapenzi. Nyumba ni ya Batasi, na akiingia yeye, kesho huka ya mumewe itavutwa na nani? Wakajaribu ng'ambo ya mto, wakapata jibu lile lile. Hapo ndipo Munshi akamtuma tarishi wake aje atutishe. Akasema Batasi anajulikana kuwa anawafulia wachochezi, na neno moja la Munshi linatosha kumpeleka jela.

"Mwambie jela nako wanavaa nguo," Batasi akasema. "Nitapata kazi."

Mimi, sifichi, niliogopa. Na si jela niliyoiogopa. Nilimwogopea Vidya, yule binti. Batasi alizifua nepi zake. Alimfundisha kuogelea kwa kificho akiwa na miaka saba, baba yake hajui mpaka leo. Nikamwambia Batasi, mtoto ana kosa gani. Akageuka akanitazama, macho mekundu. Akasema hamnyimi mtoto. Angempa hata nywele zenyewe. Lakini kama Ghasita amekufa kweli, mkono wake huu utamuua mume wa Vidya, na kama hajafa, kwa nini watu watembee na karatasi inayosema amekufa? Hakusema Ghasita, bila shaka. Alisema "yeye".

Asubuhi ya Akha Teej, jua limeshakuwa kali, yakaingia magari mawili ya farasi katika mtaa wetu wa madobi. Sijapata kuona vile. Wakashuka wanawake wa Chelpuri na ushungi mpaka kifuani, wanakanyaga maji ya sabuni kwa visigino, na katikati yao Vidya ndani ya sari ya manjano. Pamoja nao alikuwa bibi yake bwana harusi, ametoka Agra, mwanamke mfupi mwenye fimbo. Yeye ndiye aliyesema hapana suhagi, hapana harusi. Na nyuma kabisa, chini ya mwavuli mweusi, Munshi Kunjbihari.

Batasi alikuwa amekaa kizingitini. Ameoga, amevaa sari nyekundu ya harusi yake mwenyewe, sinduri imejaa kwenye mstari. Hakusimama. Mtaa mzima ulijipanga kwenye paa.

Bibi wa Agra hakupoteza wakati. Akamgeukia Munshi, akamwambia jikoni kwake wanasema dobi huyu ni mjane, na yeye anauliza mara moja tu, ni mjane au si mjane.

Munshi akasema si mjane hasa. Akasema ni suala la kiofisi. Bibi akasema mume hana suala la kiofisi, yupo au hayupo.

Ndipo Batasi akaitoa karatasi kiunoni, akaikunjua gotini.

"Munshiji, hii imetoka nyumbani kwako," akasema. "Ikiwa ya kweli, mimi ni mjane, na nikimgusa binti yako kichwani nitampa nilicho nacho. Ikiwa ya uongo, iondoe. Mimi sina neno. Chagua wewe."

Munshi akapangusa jasho. Akasema karatasi ya serikali haifutwi barabarani. Akasema atalishughulikia jambo hili kikamilifu baada ya... Akajikatiza mwenyewe, lakini ilikuwa imeshamtoka, na juu ya paa watu wakamalizia, wanaume kwa wanawake, kwa sauti moja: baada ya vita. Hata mke wa Tikaram nilimsikia.

Bibi wa Agra akagonga fimbo chini, akawaambia watu wake wapande magari. Rajrani akaanza kulia. Na hapo Vidya, na manjano yake yote na mapambo yake yote, akaketi chini kwenye tope la sabuni, karibu na miguu ya Batasi, akaegemeza kichwa gotini pake. Akamwambia baba yake kwamba yeye haondoki pale, na kama mtu hana kalamu ataazimwa.

Munshi hakukosa kalamu. Watu wa ukoo wake wana sikukuu ya kuiabudu kalamu na wino, ataiachaje nyumbani. Akafunga mwavuli. Akainama kwenye meza yetu ya kupigia pasi, kati ya shuka za watu, akapiga mstari juu ya neno mjane, akatia sahihi pembeni. Akageuza karatasi, akaanza kuandika ulizo jipya, la haraka, la namba ya kikosi na bandari na madobi wanne. Kalamu ikafika mahali ikasimama. Akaniangalia mimi, si Batasi, maana hata yeye alikuwa na adabu za kwetu, akauliza tena jina la mume.

Nikafungua mdomo. Mkono wa Batasi ukanifunika, mkono mzima, na bangili zake baridi zikanigusa kidevuni.

"Ghasita," akasema.

Mama mmoja juu ya paa akaziba masikio. Mimi nililisikia jina la kaka yangu katika mdomo wa mkewe, mchana kweupe, mbele ya wanaume. Batasi alikuwa amekauka uso kama mtu aliyeshika pasi ya moto kwa kiganja. Lakini hakuishia hapo.

"Anaitwa Ghasita, mwana wa Budhu. Nilinyamaza mara moja mkampoteza. Sasa nimesema, na nitasema tena. Andika. Na tarehe uweke ya leo."

Munshi akaandika. Akaweka na tarehe, nilimwona. Na nampa haki yake, lile ulizo alilipeleka kweli, siku ile ile, kabla ya kurudi kwenye shughuli yake, maana bibi wa Agra alimwekea tarishi wa kumfuata nyuma.

Kisha Batasi akasimama. Akamwinua Vidya kutoka kwenye tope, akamfuta shavu kwa pindo la sari. Akagusa utosi wake mwenyewe kwa kidole, akakigusisha kwenye mstari wa nywele za yule mtoto, taratibu, mara tano, na kila mara alisema maneno yetu ya zamani ambayo siwezi kuyasema hapa. Wanawake wa Chelpuri wakainamisha vichwa. Bibi wa Agra akainamisha chake. Nami nikajitenga nyuma ya mlango, kwa sababu mjane hapaswi kuonekana, halafu nikasema moyoni, ala, hapaswi kwa amri ya nani, nikatoka nikasimama nao.

Wiki zilizofuata hazikuwa rahisi. Wapo waliosema Batasi amemmaliza mumewe kwa mdomo wake. Mwezi Agosti wakubwa wa Kongresi wakafungwa wote, na yule mzee Vaidyanath pamoja nao, na mji ukawaka moto, na risasi zikafika hadi ukingoni kwetu. Batasi akafua. Bangili mbili zikapasuka, akanunua mbili.

Jibu lilichukua mwaka mzima na miezi. Ilikuwa kadi ndogo ya mateka, imechapwa, sehemu za kujaza zimejazwa na mtu mwingine. Munshi alikuja nayo mwenyewe hadi jiweni, viatu mkononi, na hakuwa na haja ya kuisoma, kwa sababu chini kulikuwa na alama ya kidole gumba chenye kovu katikati, kovu la pasi ya mkaa, nililomsababishia mimi tukiwa watoto. Na juu ya kidole, jina. Batasi aliiweka kwenye paji la uso wake, akaipachika pale pale kiunoni ilipokaa ile nyingine, akarudi majini kumalizia shuka. Alikuwa anapiga vibaya sana siku hiyo.

Kaka yangu alirudi mwaka wa arobaini na sita, mifupa na macho. Mwaka uliofuata Waingereza wakafunga virago, na mambo yaliyofuata Delhi mnayajua, siyasemi leo. Tulidhani sasa Batasi atarudi kwenye adabu. Mke wa Tikaram alimwendea kwa uzuri kabisa, akamwambia mwenzangu, ile ilikuwa dharura, sasa mume yupo, mfunikie jina lake.

Batasi akafikiri. Kisha akageuka kuelekea ng'ambo, kaka yangu alikokuwa akifungua punda, akajaza kifua.

"Ghasita! Leta furushi la Chelpuri!"

Ni miaka thelathini sasa tangu siku hiyo. Madobi wote wa rika la kaka yangu wamekwisha kwenda, wote ambao wake zao waliyaficha majina yao vizuri. Tikaram alitutoka zamani. Kaka yangu yupo, hana meno, anasinzia juani, na kila asubuhi mto mzima unasikia jina lake, naye anaitika.